Ndege wa Seng'enge na Mkamwana Wangu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na nakuomba usicheke ukiona mama mzima mwenye wajukuu anakuandikia kwa sababu ya ndege, maana hapa Izigo waliocheka wamekwisha kutosha, na ndege huyu sasa ameleta jambo ambalo si la kucheka hata kidogo.

Nyumba ninayokaa ni ya marehemu mwanangu Ildefons, tuliyemzika mwaka jana baada ya kuugua muda mrefu, akakonda hata nikawa nambeba kama mtoto, na humo ndani tumebaki mimi, mjane wake Georgina, na watoto wao wawili. Upande wa jikoni kuna bustani ya mchicha na nyanya ambayo Ildefons aliizungushia seng'enge aliyoiokota kule Kyaka vita vilipokwisha, akaileta juu ya lori, sisi tukamcheka kwamba wenzake wameleta redio yeye ameleta miiba, lakini tangu siku ile mbuzi wa watu hawakuingia tena, na nyuma tu ya bustani hiyo, chini ya migomba, ndipo lilipo kaburi lake. Mimi sijafika hapo tangu mazishi, miguu inakataa, lakini Georgina hulima pale karibu kila siku.

Sasa, tangu mvua za masika amehamia hapo ndege mmoja, mweusi mgongoni na mweupe kifuani, mkia mrefu, mwili wenyewe haujazi kiganja changu, naye ameifanya bustani ile kuwa mali yake. Kutwa anakaa juu ya nguzo ya pembeni akitazama huku na huku kama karani wa ushirika, akitokea njiwa anafukuzwa, akitokea kunguru anafukuzwa, hata mwewe nimemwona kwa macho yangu akikimbizwa mpaka kwa jirani na kitu kidogo namna ile, kuku wangu wanapita pembeni, na mimi nikienda kuchuma mchicha wa mboga nashukiwa kichwani kama mwizi, nimepigwa mdomo juu ya kilemba mpaka nikaacha ungo palepale nikakimbia. Jirani yetu Hamidi, anayeleta dagaa kutoka visiwani, alisimama njiani akaniangalia ninavyokimbia, akasema, "Ma Theopista, huyo anadai ushuru, lipa upite," nikamwambia, "Ingia wewe ukamlipe," akasema yeye ametozwa vya kutosha huko mwaloni, mitumbwi inakoshusha dagaa, bustani hii si yake.

Hayo ningeyavumilia, lakini kila asubuhi, kukishapambazuka, ndege huyo anakuja kwenye dirisha la chumba alichofia Ildefons, ambamo sasa nalala mimi, anagonga kioo, ko ko ko, anapumzika, ko ko ko tena, na Mshauri, mimi ni Mkristo niliyepata kipaimara, lakini mama ambaye mwanawe alifia kwenye kitanda kile akisikia hodi dirishani hawezi kujifunika blanketi akasema ni ndege tu.

Lililoharibu mambo yote ni vitu vya kwenye seng'enge. Siku ya Marehemu Wote mwanangu Protase, mdogo wake Ildefons, alikuja kutoka Muleba kusali kaburini pamoja na Ta Kagaruki, ambaye ndiye mkuu wa ukoo wetu, na walipopita kando ya bustani wakakuta senene wamechomwa kwenye miiba ya seng'enge mmoja mmoja, na mjusi amechomwa shingoni, na panya mdogo nusu, yote yamekauka yananing'inia upande ule unaotazama kaburi. Protase alisimama akaanza kusema kwa sauti kwamba hiyo ni kazi ya mtu, kwamba sasa ameelewa kaka yake alikufa kwa nini, na alipokuwa bado anasema, ndege akamshukia katika kipara mbele ya Ta Kagaruki, kofia ikiwa mkononi kwa heshima ya kaburi, damu ikatoka. Wakati huohuo Georgina akapita na jembe lake, akaingia bustanini, na yule ndege akaruka akatua hatua chache kutoka miguuni pake, akatulia kama kifaranga. Protase akasema, "Ta Kagaruki, umeona mwenyewe. Ndege wa nani huyo?" Ta Kagaruki akatikisa kichwa, na kile kichwa kilichotikisika ndicho kinachonikosesha usingizi.

Ni lazima nikueleze na jambo la nyuma yake. Tulipomaliza matanga, wazee walimtaka Protase amrithi mjane wa kaka yake kama ilivyo desturi, naye akakubali ingawa ana mke, na Georgina, ambaye kwa kawaida husikii sauti yake, alisimama mbele ya watu wote akasema, "Shemeji, sitaki. Niliyemzika anatosha. Nikikubali, tutakuzika na wewe." Wazee waliinamisha vichwa, pombe ya rubisi ikaachwa katika vibuyu, na mimi niliona aibu mpaka nikatoka nje. Sasa Protase anasema, "Si alitutangazia mwenyewe kwamba anaua? Mnataka ushahidi gani zaidi?"

Na ushahidi, Mshauri, ndio mimi. Asubuhi moja baada ya siku ile ya Marehemu, nilipofungua dirisha kumfukuza ndege, nilimwona Georgina amesimama kwenye seng'enge, mkono uko kwenye waya, kisha akatia kitu katika pindo la kanga yake akaenda nyuma ya migomba. Nilipomuuliza, "Georgina, ulikuwa unafanya nini pale?" akasema, "Natoa uchafu, mama, watoto wasiuone." Nikamuuliza, "Uchafu wa nani?" Akachukua jembe, akaenda zake, maana huyo ndivyo alivyo, ukimsema hajibu, ukimtukana hajibu, mpaka unatamani angalau akutukane na yeye ujue mlipofikia. Basi kwa hasira nikamwambia Protase kwamba nimemwona mkamwana wangu akitundika vitu, na tangu hapo sijapata amani.

Ta Kagaruki ameitisha kikao cha ukoo Jumapili inayofuata Noeli. Wanataka niseme mbele ya wazee nilichokiona, kisha Georgina arudishwe kwao Kishanda, watoto wabaki, na kibanja, yaani nyumba na shamba la migomba, kishikwe na Protase. Nikisema, anaondoka. Nisiposema, Protase ameniambia wazi, "Mama, basi chagua, mimi au mchawi wako, na sitakanyaga tena hapa," na huyo ndiye mwana pekee niliyebakiwa naye, Mungu hakunipa mwingine. Nimuue ndege? Nimwite padri aje anyunyize maji ya baraka kwenye seng'enge? Au niseme nilichokiona, nipumzike? Nimechoka kweli.

Mama wa Izigo


JIBU LA MSHAURI

Mama wa Izigo,

Pole kwa msiba wa mwanao. Naanza na pole hiyo, na naomba uihifadhi, kwa sababu maneno yatakayofuata si laini.

Barua yako ni ndefu na nukta zake ni chache, lakini nimeisoma yote mara mbili. Umeandika kurasa kwa kurasa juu ya ndege, na juu ya maradhi yaliyomuua mwanao umeandika mstari mmoja. Hapo ndipo penye shida yako. Hata hivyo, tumalize kwanza habari za ndege, maana katika watu wote uliowataja yeye ndiye mwenye hatia ndogo zaidi.

Ndege huyo wengine humwita mbwigu. Hata hapa Bukoba yupo. Mmoja amejitwalia nyaya za simu nyuma ya ofisi hii, na mhariri wetu huzunguka jengo zima ili asipite chini yake. Ana mdomo wa mwewe na miguu dhaifu ya ndege mdogo. Kwa kuwa hawezi kulikanyaga windo lake akalirarua, hulichoma kwenye mwiba likashikwa, kisha hulinyofoa. Asipolimaliza, huliacha hapo likawa akiba. Kabla ya vita alitumia miiba ya michongoma. Mwanao alimletea miiba ya chuma, imara, mingi, iliyopangwa vizuri, naye akaikubali. Umeandika kwamba hayo yalionekana siku ya Marehemu Wote. Huo ni msimu wa senene, Mama. Ninyi mlikuwa mnajaza masufuria yenu na yeye alikuwa anajaza ghala lake. Unashangaa nini?

Anapofukuza njiwa, kunguru na kuku, analinda mpaka wa mahali anapolishia watoto wake. Anapogonga kioo, anamwona ndege mwenzake ndani, mweusi mgongoni na mweupe kifuani kama yeye, asiyetaka kuondoka. Kila asubuhi anapigana na sura yake mwenyewe. Paka kioo hicho tope kwa nje, au tundika gunia, na kugonga kutakoma. Si Ildefons anayebisha hodi. Najua kwamba kuna asubuhi ulitamani awe yeye, na kwa hilo sikukemei.

Sasa tuje kwa Georgina. Mnajiuliza kwa nini ndege hampigi. Jibu umeliandika mwenyewe: hulima pale karibu kila siku. Jembe linafukua mabuu na funza, ndege anashuka nyuma yake kuokota. Amemzoea kama kuku anavyomzoea anayemtupia mtama. Protase hafiki pale ila siku ya Marehemu, tena anasimama na kupaza sauti karibu na nguzo ya ndege. Wewe je? Unaishi hatua chache kutoka pale, lakini ndege anakushukia kama mgeni. Tangu ahamie hapo hajakuona ukikaa hata kidogo. Usimlaumu kwa kutokukujua.

Halafu ule ushahidi wako. Umesema ulimwona mkono uko kwenye waya, kisha akatia kitu katika pindo la kanga. Soma tena maneno yako. Mtu anayetundika kitu huja nacho na kuondoka mikono mitupu. Mtu anayetundua huja mikono mitupu na kuondoka nacho. Wewe uliona mtu anatundua, ukaenda ukamwambia mwanao kwamba umeona mtu anatundika. Tena ulikwisha kumuuliza na alikwisha kukujibu kwa heshima: anatoa uchafu watoto wasiuone. Ulipomuuliza "Uchafu wa nani?" ulitaka akujibu nini? Mkamwana aliyemuuguza mumewe mpaka mwisho, akaulizwa hivyo na mama wa mumewe, akachukua jembe akaenda kulima. Unamlalamikia ukimya. Mimi nausifu, maana wapo ambao wangekujibu.

Nirudi sasa kwenye mstari wako mmoja. Mwanao alikonda hata ukawa unambeba. Sikumwona, na mimi si daktari. Lakini katika mkoa huu, tangu vita viishe na biashara za mpakani zianze, hakuna kijiji ambacho hakijabeba vijana wa namna hiyo. Wengine wanauita Juliana, wengine silimu, na redioni unaitwa UKIMWI. Tunayataja majina yote hayo kwenye msiba wa jirani, na kwenye msiba wetu tunataja mjusi. Ugonjwa huo haupiti katika seng'enge. Hupita kati ya mume na mke, na ukimkuta mjane, humfuata yule atakayemrithi, kisha humfuata mke wa huyo aliyemrithi.

Hebu yasikilize tena yale maneno ya Georgina, yaliyokutia aibu ukatoka nje: "Niliyemzika anatosha. Nikikubali, tutakuzika na wewe." Wazee waliinamisha vichwa. Unadhani waliinamisha kwa kuwa walisikia tisho? Walielewa vizuri sana. Alilisema jambo ambalo kila mwanamume pale alilijua na hakuna aliyethubutu kulitamka. Mtu mwenye nia mbaya angenyamaza, angekubali, angepata mume, kibanja na ulinzi wa ukoo. Yeye alikataa vyote hivyo, akachagua kubaki na jembe. Unaogopa kumpoteza mwana wako pekee aliyebaki. Yu hai mpaka leo, ana kipara na kelele, kwa sababu mwanamke huyo alikataa kulala naye. Na shukrani yenu ni kumfukuza na kumnyang'anya watoto.

Usimuue ndege. Ukimuua, watasema mchawi ameficha ushahidi, na mwingine atahamia kwenye nguzo ileile kabla ya mchicha wako kukua. Padri umwite, lakini kwa misa ya marehemu. Seng'enge haihitaji maji ya baraka.

Nenda kwa Ta Kagaruki kabla ya Noeli, wewe mwenyewe, bila Protase. Mwambie kwamba ulisema vibaya na sasa unasahihisha. Mwombe kikao kisifanyike sebuleni, kifanyike asubuhi kando ya bustani, wazee wakae kwenye viti na kila mtu avae kofia. Senene watakuwa wamepungua, lakini panzi na mijusi hawaishi. Wakae wakitazama, wakinyamaza. Yule ndege hatakawia kuwaonyesha ni nani anayetundika. Mzee aliyeona kwa macho yake hahitaji hotuba ya Protase wala yangu.

Ukipewa nafasi ya kusema, sema kwamba ulimwona mkamwana wako akitoa vitu kwenye waya, kwamba alimuuguza mwanao, na kwamba watoto watabaki na mama yao katika kibanja cha baba yao. Ukimaliza hayo, kaa chini. Wasipokusikiliza, kuna mwenyekiti wa kijiji na kuna Mahakama ya Mwanzo, na mama mzazi wa marehemu akisimama upande wa mjane, kazi ya kumfukuza huwa ngumu sana. Wao wanalijua hilo, ndiyo maana wanakuhitaji.

Protase atanuna. Mwache anune, hata mwaka. Mwana aliyenuna Muleba unaweza kumpelekea ndizi na salamu. Ukipata nafasi ya faragha, mwambie wazi ni kitu gani aliepushwa nacho, umtajie ugonjwa huo kwa jina lake. Usimzungushe. Ana mke, na mke huyo naye ni mtoto wa watu.

Jambo lingine. Katika barua yako nzima hukuandika hata mara moja kama Georgina mwenyewe ni mzima. Hukuuliza. Yeye analijua alilolisema mbele ya wazee, na analijua linamhusu nani kwanza. Huenda ndiyo sababu haongei. Muulize kama anakohoa, kama anapata homa, kama analala. Msindikize hospitali, ukae naye kwenye foleni ili watu wa Izigo waone umekaa na nani. Ikiwa ni mgonjwa, watoto hao watakuhitaji wewe mapema kuliko unavyodhani, na ni vizuri wakujue ukiwa mtu wa mama yao.

Lakini kazi ya kwanza kabisa ni ya kesho asubuhi, nayo haihitaji kikao. Chukua jembe ufuatane na Georgina mpaka kaburini. Usimhubirie na usimwombe radhi kwa maneno mengi, hakuzoea hayo kutoka kwako. Shika upande wako wa kaburi, yeye ashike wake, mpalilie. Siku hiyo ndege atakushukia, kwa hiyo funga kilemba kizito. Keshokutwa rudi tena. Endelea hivyo mpaka siku atakapoacha kukupiga na kuanza kuokota mabuu nyuma ya jembe lako. Siku hiyo utakuwa tayari kwenda mbele ya wazee.